Kompyuta Iliyovishwa Kitenge

Vijana wangu, kabla hamjanipigia tena, kaeni chini msome hapa mpaka mwisho. Nimestaafu. Mgongo ulistaafu kwanza, mimi nikaufuata. Spika nimeuza, miksa nimemwachia mwanangu Kulwa, na waya zangu nilizihesabu mara mbili wakati wa kuzigawa, kwa sababu waya zina tabia ya kuku wa kienyeji: ukigeuka kidogo, mmoja yuko kwa jirani. Nilidhani nimemaliza. Lakini simu bado inaita. Inaita nikiwa shambani, inaita nikiwa kanisani, inaita nikiwa nachagua dagaa sokoni, na maneno ya upande wa pili ni yale yale.

"Shikamoo Mama Kulwa."

"Marahaba."

"Mama, inakata."

"Nini kinakata?"

"Muziki, Mama. Laptop. Tuko jukwaani hapa Mwakitolyo, watu wamejaa, inakata."

"Inakataje?"

"Inakata tu."

Inakata tu! Ukienda zahanati ukasema "naumwa tu", utapewa vidonge vya maumivu uende zako. Na hicho ndicho mnachotaka kwangu, vidonge vya maumivu kwa njia ya simu, huku nyuma nasikia watu wanapiga miluzi.

Sikilizeni. Kuna kukwaruza, sauti inatoka kama ina mchanga ndani. Hiyo mara nyingi ni waya au tundu lililochoka. Kuna kukwama, kipande kimoja cha neno kinarudiwarudiwa kama mtu mwenye kigugumizi. Kuna kuzimika moja kwa moja. Na kuna ile mimi naiita kudokoa, pale sauti inapopotea kwa muda wa kupepesa jicho halafu inarudi, kama mtoto anayepita jikoni na kuchukua kipande cha nyama akidhani huoni. Ninyi zote mmezimwaga kwenye neno moja. Nikiuliza mmegusa nini, mnajibu hatujagusa kitu. Uongo mtupu. Hakuna kijana aliyesimama mbele ya kompyuta inayokata akakunja mikono. Mmegusa vyote, tena kwa mpigo mmoja, na sasa hata kilichokuwa sawa hamjui kilikuwa wapi.

Badilisha kitu kimoja. Sikiliza. Kama haijasaidia, kirudishe kilipokuwa, ndipo uende kingine. Najua inachosha. Hata mimi imenichosha kuisema.

Kazi hii nilifundishwa Mwadui na Fundi Athumani, mzee wa Kitanga aliyekuwa akiendesha mitambo ya ukumbi wa dansi. Mimi nilikuwa nauza betri na redio ndogo nje ya geti. Nikawa nampelekea betri za maiki, nikawa nabaki kutazama, na kutazama kukageuka kazi. Muziki ukileta matata, wenzake walisimama duara wakajadiliana kama kikao cha posa. Yeye hakujadiliana na mtu. Alikwenda kwenye spika iliyonyamaza, akashika waya wake, akautembeza vidoleni kuurudia mtambo, tundu kwa tundu, mpaka akafika mwisho.

"Shika kwanza," aliniambia. "Kufikiri utafikiri ukiwa umeshika."

Enzi zile shida ilionekana. Kaseti ikimezwa, unaona utepe umetoka nje kama matumbo. Leo shida imejificha ndani ya sanduku jembamba lenye picha ya maporomoko ya maji kwenye kioo, na ninyi mnalitazama lile sanduku usoni mkisubiri likiri. Halikiri. Anzeni nje.

Mnakumbuka ile kwaya ya pale Shinyanga mjini, siku ya uzinduzi wa nyimbo zao? Hamkumbuki, mlikuwa hamjazaliwa kwenye kazi hii. Mwalimu wa kwaya, kijana nadhifu mwenye tai, alikuwa na nyimbo zake kwenye laptop, na laptop ilikuwa inadokoa kila ubeti. Alikwishaifuta programu na kuiweka upya. Alikwishaizima na kuiwasha. Wanakwaya walikwishaomba. Nilipofika nikashika waya wa kile kiboksi cha sauti kinachokaa kati ya kompyuta na miksa, nikaufuata. Haukwenda kwenye kompyuta. Ulikwenda kwenye kidude cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi, na hapo kwenye kidude palikuwa na kipanya, flashi, taa ya kusomea noti, na simu inachajiwa.

"Simu ya nani hii?"

"Yangu, Mama," akasema mwalimu.

"Inaimba sauti gani?"

"Haiimbi, Mama."

"Sasa inakula nini kwenye sahani ya wanaoimba?"

Nikachomoa vyote. Kiboksi cha sauti kikapata tundu lake peke yake, moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa waya mfupi ambao haukuwa umepindwa shingo. Kudokoa kukakoma. Mama mmoja wa sauti ya pili akashika kiuno: "Na sisi tangu asubuhi tunamkemea pepo wa mitambo, kumbe ni chaji ya mwalimu!" Kwaya nzima ikacheka, naye mwalimu akacheka, ingawa si kwa sauti kubwa.

Kama nje kuko salama, sasa ingieni ndani. Na ndani neno la kwanza ni bafa. Nimelieleza neno hili mpaka nimelichukia, kwa hiyo nalieleza mara ya mwisho.

Mmeiona karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mnamjua anayeilisha. Anajaza karai, anamimina, anarudi kujaza. Karasha haimsubiri. Karai likiwa dogo na mlishaji akajikwaa kidogo tu, karasha inazunguka tupu, na aliyekaa mbali kabisa anasikia mlio umebadilika. Huko ndiko kukata kwenu. Kompyuta inajaza karai la sauti, inamimina kwenye spika, inakimbia kujaza jingine. Karai hilo ndilo bafa. Ukiliweka dogo, kompyuta inakimbizana bila kupumua, na siku ikijikwaa, watu wanasikia. Ukiliweka kubwa, inapata nafasi ya kujikwaa na kuinuka pasipo mtu kujua.

Kwa nini basi tusiweke kubwa siku zote? Kwa sababu hakuna cha bure, wala kwenye kompyuta. Karai kubwa linachelewesha. Unabonyeza kinanda, sauti inakujia ukiwa umeshahamia noti nyingine. Anayepiga kinanda kwa mkono anataka dogo. Anayepiga midundo iliyokwisha kupangwa hana haraka, aweke kubwa alale usingizi. Hii ni biashara, na mimi nimefanya biashara kabla sijafanya ufundi: unauza wepesi, unanunua uimara. Shida yenu mnataka vyote viwili, tena mpewe na mfuko wa kubebea.

Kijana mmoja alikuwa ameweka sitini na nne, karai la mwisho kwa udogo, kwenye laptop ambayo bawaba zake zilishikwa na gundi ya karatasi.

"Nani kakwambia sitini na nne?"

"Kuna mtaalamu kwenye video, Mama."

"Yuko wapi huyo mtaalamu?"

"Studio. Ulaya huko."

"Kuna feni?"

"Kuna kiyoyozi."

"Na wewe una nini hapa?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nina jua, Mama."

Tukaweka mia tano na kumi na mbili.

Halafu wafukuzeni wageni. Kompyuta ya jukwaani haina sababu ya kutafuta mtandao. Iweke kwenye hali ya ndegeni kabla hujapanda, maana ikionja mtandao itakumbuka kujisasisha katikati ya kiitikio. Isilindwe na programu ya kuzuia virusi inayoamua kufanya usafi saa ya bibi harusi kuingia. Isiachwe kwenye mpangilio wa kuokoa betri. Chomeka chaja, iambie ifanye kazi kwa nguvu zote, kwa sababu kompyuta inayookoa umeme inaokoa kwako. Na zile ala nzito mlizoweka, filimbi yenye mwangwi juu ya mwangwi, zigeuzeni kuwa sauti iliyokwisha kurekodiwa kabla hamjatoka nyumbani. Mnabeba jikoni nzima kwenda kupakua chakula kilichokwisha kuiva. Kwa nini?

Nimemaliza? Sijamaliza. Kuna la Masumbwe. Pale yote niliyowaambia nilikuwa nimeyafanya, nikayarudia kuyakagua, na bado ikakata.

Mnajua mashindano ya ngoma baada ya mavuno, lakini kwa aliyekulia mjini nieleze. Makundi mawili yanasimama kwenye kiwanja kimoja na kuanza kwa wakati mmoja, hili upande huu, lile upande ule. Hakuna mwamuzi wa kuandika alama. Watu wenyewe wanahama. Wanaanza katikati, wanasogea kwa anayewakuna, na jioni kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda. Sasa fikirini maana ya kudokoa kwenye kiwanja cha namna hiyo. Kwenye harusi muziki ukikatika watu wanaguna na kukaa. Pale ukikatika wanasikia ngoma ya mwenzako, wanageuza shingo, na shingo ikishageuka miguu haikawii.

Kundi lililonikodi lilikuwa na manju aitwaye Luhende. Manju, kwa asiyejua, ndiye mtunzi na mwimbaji kiongozi. Kundi linamtegemea kama gari linavyotegemea dereva. Luhende alikuwa na sauti na alikuwa na maneno. Lakini alikuwa ameleta laptop mahali pa wapiga ngoma, na mwaka uliotangulia wakashindwa. Kwa hiyo Mzee Nkwabi, mwenyekiti wa kikundi, alimwita mbele ya wote akamwambia kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Luhende, leo tukishindwa tena, umanju tunampa mwingine, na ngoma za ngozi zinarudi. Tusiulizane."

Luhende alitunga nyimbo tangu akiwa anachunga ng'ombe. Umanju ndio ulikuwa jina lake. Watoto wake wenyewe walikuwa wakimwita Manju.

Asubuhi ya siku ile nilikaa naye na kijana wake wa kompyuta, Shija, mwanamume wa kimo kirefu aliyevaa kofia kisogoni. Wakaniambia wanataka sauti ya Luhende ipite ndani ya kompyuta ipambwe, iwe inatetemeka kidogo kama wanavyofanya wa mjini.

"Haiwezekani," nikasema.

"Mama, ndiyo staili yangu," akasema Luhende.

"Sauti yako ikipita kwenye kompyuta, lazima niweke bafa dogo, la sivyo utajisikia umechelewa nyuma ya midomo yako. Bafa dogo na jua hili, itakata. Maiki yako iende moja kwa moja kwenye miksa."

"Nipambe hata kidogo."

"Nitakupa mwangwi wa miksa."

"Na kutetemeka?"

"Kutetemeka utatetemeka mwenyewe ukiwaona watu."

Akacheka, akakubali. Nikamuuzia bafa kubwa, yeye akaniuzia pambo lake. Hali ya ndegeni, tayari. Chaja, tayari. Ala nzito zimegeuzwa. Nikakagua, nikarudia kukagua. Mazoezi yakaenda safi.

Ila wakati wa mazoezi wanawake wa kikundi walikuja kutazama, wakiongozwa na Mama Holo, shangazi yake Luhende, mama ambaye akisimama mahali wanawake wengine nao wanasimama. Akamtazama Shija toka kofia hadi kandambili.

"Baba, wewe ndiye mpiga ngoma wetu?"

"Hapana shangazi, mimi nabonyeza tu," Shija akajibu, akaipigapiga laptop mgongoni kama mtu anayesifu fahali. "Mpigaji mwenyewe ni huyu hapa."

Tukacheka wote. Mama Holo hakucheka. Alikuwa anasikiliza.

Mchana jua likawaka lile la kukunja majani ya mahindi. Mimi nilikaa kwenye miksa, pembeni, ili nisikie kama watu wanavyosikia. Meza ya Shija ilikuwa mbele, karibu na wachezaji. Tukaanza, na wenzetu wakaanza. Luhende alikuwa amewaka moto. Akawasifu wakulima, akawasifu wachimbaji, akamtaja shangazi yake na ng'ombe wa babu yake mmoja mmoja kwa rangi zao. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamiminika mbele, nikawa siioni tena meza. Watu walikuwa wanakuja kwetu. Nikamwona Mzee Nkwabi ameegemea fimbo yake, anatazama miguu tu, si wachezaji.

Ndipo ikadokoa. Mara moja, nikadhani masikio. Halafu tena. Halafu midundo ikaanza kutoka imetoboka kama chandarua kuukuu. Upande wa pili wenzetu walikuwa na ngoma za ngozi, na ngoma ya ngozi haina bafa. Kila tulipotoboka, zao ziliingia kwenye tundu letu. Nikaziona shingo za kwanza zikigeuka.

Nilifanya nilivyofundishwa. Spika, nzima. Waya wa spika, mzima. Miksa, nzima, sauti ya Luhende inapita safi. Nikashika waya wa kiboksi cha sauti nikaufuata, nasukuma watu kwa mabega, samahani baba, nipishe mayu, mpaka nikafika mezani na mkono wangu, badala ya kugusa kompyuta, ukagusa kitambaa.

Kitenge. Chini yake kitenge kingine. Chini yake kanga. Shija amesimama kando, mikono kifuani, jasho linamtoka.

"Shija! Nani kaifunika?"

"Shangazi kaitunza, Mama. Alipotajwa kwenye wimbo."

"Na wewe ukaangalia tu?"

"Ningemwambiaje? Na wenzake wakafuatia. Nimeongeza bafa mpaka elfu mbili, imepumua kidogo, inakata tena."

Nikapenyeza kiganja chini ya vitambaa. Moto kama kikaango cha chapati.

Desturi ya pale, mpiga ngoma akiwafurahisha anavishwa kitenge. Akishavishwa havuliwi mpaka ngoma iishe, na anayemvua ni yule yule aliyemvisha. Mwingine akigusa, amemkataa mtoaji mbele ya kadamnasi. Na Shija kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa ameshasema mpigaji ni nani. Neno lenyewe kutunza lina sura mbili, kuangalia kitu kisiharibike na kumzawadia aliyekufurahisha, na pale mezani sura ya pili ilikuwa imeikaba ya kwanza koo. Kompyuta ikipata joto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mlishaji wa karasha amezimia, sasa ukubwa wa karai utasaidia nini? Ningevuta vile vitambaa, ningeponya kompyuta, na Mama Holo angeondoka kwa hasira na wanawake wote wa upande wetu. Ningeviacha, Luhende kwisha.

Nikiwa bado nimeshika, ikanyamaza kabisa.

Luhende aligeuka, akatutazama mara moja tu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka vile. Halafu akageukia watu, akapiga mguu chini. Njuga zake zikalia. Akapiga tena. Maiki yake haikuwa na habari na kompyuta, ilikuwa inakwenda miksa moja kwa moja, kwa hiyo sauti yake ikabaki imesimama peke yake katikati ya kiwanja, yeye na njuga. Watu wakatulia. Lakini mtu mmoja anaweza kukishika kiwanja kama mtoto anavyoshika kamba ya ndama: kwa muda.

Nikamvuta Mama Holo kando, nikamsemea sikioni.

"Mama Holo, mpigaji wako anazimia."

"Nani?"

"Uliyemvisha. Jua hili, na nguo tatu mgongoni. Hata wewe ungeanguka."

Akanikazia macho. "Aliyetunzwa havuliwi, Mama Kulwa. Unataka isemwe zawadi yangu imekataliwa?"

"Mimi nani nimvue? Sigusi."

"Basi unataka nini?"

"Mpiga ngoma akilowa jasho mnamfanyaje hapa kwenu?"

"Tunampepea."

"Mnampepea na nini?"

"Na kitenge chake."

"Haya."

Akaitazama meza. Akanitazama mimi. Niliwahi kubishana bei na wauza ng'ombe, lakini mama yule alikuwa kiwango kingine.

"Nikimpepea, kitenge kinarudi begani kwake," akasema.

"Kinarudi ngoma ikiisha."

"Leo."

"Leo hii, ngoma ikiisha."

"Na cha mdogo wangu?"

"Na chake."

"Na asitokee mtu kusema nimeua mashine."

"Atakayesema, nitamwambia ni wewe uliyeifufua."

Akakamata kitenge kwa ncha mbili, akakiinua juu kwa kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kahama, akaanza kuipepea laptop. Mdogo wake akachukua cha pili. Wa tatu akachukua kanga. Nyuma yao wanawake wakavua vitenge vya mabegani, wakazunguka meza, wanapepea kwa mwendo wa njuga za Luhende. Mimi nikaokota vizibo vya soda pale chini, nikaviweka chini ya pembe nne za laptop ili tumbo lake lipate hewa, na ubao mmoja nikausimamisha upande wa jua. Kumbukeni hilo la vizibo. Ni dawa nzuri kuliko zote, na mnaikanyaga kila siku.

"Mama, kipimo cha joto kinashuka," akasema Shija. "Nirudishe?"

"Usirudishe kwa pupa. Subiri amalize ubeti."

"Naona imepoa."

"Subiri, nimesema! Anza na ngoma na besi tu. Mengine yaache."

Upande wa pili watu walikuwa wameanza kuulizana wanawake wale wote wanapepea nini. Mmoja akaja kuchungulia, akarudi mbio akipaza sauti: "Njooni muone! Huku kompyuta inajifungua!" Sasa nani abaki kwenye ngoma ya ngozi wakati jirani kompyuta inajifungua? Wakaja wanacheka, wanasukumana, na hapo hapo Luhende akafika mwisho wa ubeti, Shija akabonyeza, na midundo ikaingia mizima, bila tundu. Vumbi lilipanda mpaka nikafunika miksa kwa kanga yangu. Miksa, vijana. Miksa yangu haina feni ya kuzibwa.

Jua lilipoinama Mzee Nkwabi aliiacha miguu ya watu aliyokuwa anaihesabu, akaja mezani polepole na fimbo. Luhende akasimama, njuga bado miguuni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akaelekeza fimbo kiwanjani. "Ile sehemu."

"Sehemu ipi, Mzee?"

"Uliponyamazisha ngoma zote, ukabaki wewe na njuga. Halafu wanawake wakatoka na vitenge. Mimi katika maisha yangu sijaona mtindo huo. Wa upande wa pili walihama pale pale. Nani aliubuni?"

Luhende akainama kufungua njuga. Shija akachunguza kandambili zake. Mimi nikawa nakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

"Mimi," akasema Mama Holo.

Mzee Nkwabi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejua. "Wabeja, mayu, asante sana mama. Luhende, umanju unabaki nyumbani kwako. Lakini mwaka kesho isiwe mara moja. Iwe mara mbili." Akaondoka na fimbo yake.

Luhende akaketi juu ya kasha la spika, akafunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alipoinua kichwa akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Kulwa, utaweza kuikata tena?"

Maisha yangu yote ya kazi nimekula vumbi nikizuia jambo moja tu lisitokee, na sasa naagizwa nilitengeneze, tena mara mbili.

"Inakatika," nikamwambia. "Niambie tu unataka ikatike kwa mpango au kwa vitenge."

Mama Holo alikuwa mezani anaifunika upya ile laptop iliyozimwa, kitenge chake kwanza, kisha cha mdogo wake, kama tulivyokubaliana. Akajibu bila kugeuka.

"Kwa vitenge."